Masikio ya Fundi Obura na Radiogramu ya Muhoroni

Wenzangu mnaobaki kwenye benchi, mliniaga kwa keki na soda, kisha mkaniomba niandike yale niliyokuwa nikiwasimulia kila saa ya chai. Nashuku mlitaka tu niyahamishie kwenye karatasi ili mpate kunywa chai kwa amani. Sawa, nimeyahamisha. Habari za lini nilipandishwa cheo na nililipwa nini hamtazikuta humu, maana cheo hakikunifundisha kitu, na mshahara ulikuwa ukipita tu kunisalimia.

Niliingia kazini Kisumu mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika duka la Bwana Kanti lililouza redio mbele na kuzitengeneza nyuma. Nilivaa sketi iliyopigwa pasi hadi ingeweza kusimama yenyewe, na vyeti vyangu vilikuwa ndani ya bahasha ya kaki. Fundi mkuu aliitwa Obura, mtu mrefu, mwembamba, mwenye aproni ambayo zamani ilikuwa ya buluu. Ile bahasha hakuigusa. Alinisukumia redio iliyofunguliwa mgongo.

"Nusa," akasema.

"Ninuse redio, Mzee?"

"Kuangalia hata mwenyewe ameangalia, na bado ameleta kwetu. Nusa."

Nikainamisha kichwa, nikavuta pumzi, nikapiga chafya iliyomfanya Bwana Kanti achungulie kutoka mbele kuona ni nini kimelipuka.

"Umepata nini?" Obura akauliza.

"Mende, Mzee. Na kitu kama ugali umeshika chini ya sufuria."

"Mende amekufa zamani, huyo si shida yetu. Ugali ndio transfoma, imeungua. Kaa chini, nyar Seme."

Nyar Seme maana yake binti wa Seme, kwetu nilikozaliwa, na tangu siku ile hakuniita Risper isipokuwa akikasirika. Huo ndio uliokuwa usaili wangu. Vyeti vyangu nilivirudisha nyumbani jioni bila kukunjuliwa, na mama yangu akadhani nimekataliwa kazi.

Miaka ile ya kwanza nilifanya kazi kwa pua kuliko kwa mita. Redio za Muhoroni zilikuja na harufu ya miwa na jeshi la siafu ndani, kwa sababu siafu wa huko wameshiba sukari na sasa wanatafuta burudani. Redio za Mamboleo zilikuja na vumbi, na kona moja imebonyea kwa kuanguka kutoka juu ya mzigo. Za Dunga zilinuka ziwa. Mvuvi mmoja alituletea redio iliyokuwa imezama, tukaifungua tukakuta omena mmoja, dagaa wa ziwani, amejilaza juu ya spika. Obura akamtazama mwenye redio kwa huruma, akamwambia, "Omera, ndugu yangu, hii redio yako inavua kukushinda wewe." Tuliianika juu ya mabati na ikapona, ila ilibaki na sauti ya mtu mwenye mafua.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache na kila kimoja kilikuwa na tabia. Chuma cha kuyeyushia risasi ya kuunganishia nyaya kilipata moto siku za jua na kikagoma siku za mvua, kama watu wengi ninaowajua. Bisibisi ya Obura ilikuwa na mpini uliozungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na hakuna aliyeruhusiwa kuishika. Tulisafishia ubao wa redio kwa mswaki wa meno na spiriti. Nawashauri vijana: mswaki wa kazi uwe na rangi yake na ukae mbali na sinki, kwa sababu binamu ya Bwana Kanti alitutembelea asubuhi moja, akaazima uliokuwa karibu, na kwa juma zima hakuongea na mtu.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Obura hakulivumilia, nalo ni kutupa kasha la mtambo wa muziki. Redio ikifa kabisa, amplifaya ikiungua hadi mwisho, yeye alitoa matumbo akatupa, lakini kasha alilipangusa, akalipaka mafuta ya nazi, akalipeleka stoo. Stoo ile ilijaa makasha ya mbao, ya bati zito, yenye vifundo vya shaba na vioo vyenye majina ya miji ya mbali. Wateja walikuwa wameyasahau na Bwana Kanti alikuwa akilalamika kwamba analipia kodi makaburi. Obura alimjibu kwamba matumbo yanapatikana kila mahali, ila mbao ya namna ile haichongwi tena.

Na alikuwa anawajua watu wake. Huku kwetu mtambo wa muziki haununuliwi kwa masikio, unanunuliwa kwa kuinuliwa. Nimeona hivyo maisha yangu yote. Mteja anaingia, hataki hata uuwashe, anaushika kwa mikono miwili anaunyanyua. Ukimtoa jasho, anatabasamu. Ukiinuka kirahisi, anaurudisha taratibu kama mtu aliyekosea mlango. Miaka ya tisini ilipoleta mitambo ya plastiki inayobebeka kwa vidole viwili, Bwana Kanti alikaa nayo dukani mpaka ikabadilika rangi.

Ndipo makasha yale yakafufuka. Ofisi za mjini zilikuwa zimeanza kutupa kompyuta zilizochakaa, na ndani ya baadhi yake kulikuwa na draivu ya CD, kile kisanduku bapa kinachotoa ulimi, kinameza sahani, kinacheza. Obura aligundua kwamba draivu nyingine zina kitufe cha kuchezea muziki mbele yake, hazihitaji hata kompyuta yenyewe. Unaipa umeme wake wa volti tano na wa kumi na mbili, unachukua sauti nyuma, unaipitisha kwenye amplifaya ndogo iliyotoka kwenye redio ya gari lililokufa, na umemaliza. Kitu chote kilitosha kwenye sahani ya kulia ugali. Tulikiweka ndani ya kasha la amplifaya la miaka ya sabini, zito kama dhambi, na mteja akatoa jasho na kutabasamu.

La kwanza tulimtengenezea mwenye hoteli wa Mamboleo. Kasha lake lilikuwa na mishale miwili kwenye kioo, ile inayocheza kufuata muziki. Mishale yenyewe ilikuwa imekufa, kwa hiyo Obura aliiunganishia saketi ndogo ya kuitingisha tu. Haikupima chochote. Ilicheza hata sahani ikiwa imesimama, na wateja wa hoteli ile walikuwa wakikaa na chai yao wakiitazama kwa heshima. Kuanzia hapo tukawa na kazi: CD ndani ya kasha la kinasa sauti cha utepe, CD ndani ya kabati la redio ya marehemu babu. Tulikuwa tukiuza dijitali kwa kilo.

Sasa niwaambie kuhusu masikio ya Obura, kwa sababu bila hayo kisa hiki hakisimami.

Alikuwa amejaribu spika kwa miaka mingi akiwa ameingiza kichwa ndani ya kasha na sauti imefunguliwa hadi mwisho. Masikio yalianza kumtoka polepole. Kwanza alianza kunijibu maswali ambayo sikuuliza. Kisha akawa anapaza sauti hata akikuomba skrubu, mpaka wapita njia wakasimama kujua ni skrubu gani. Yeye hakuniambia kitu, na mimi sikumwambia kwamba najua. Mtu aliyekufundisha kunusa transfoma humwambii kwamba hasikii.

Siku moja alikuwa anamaliza redio iliyokuwa ikinguruma vibaya, naye ameridhika kabisa, anafunga skrubu za mgongo. Nikamkanyaga mguu chini ya benchi kwa bahati mbaya nikipita. Alisimama, akaniangalia usoni, akafungua tena skrubu zile, akaweka kapasita mpya. Mngurumo ukaisha. Siku iliyofuata nikamkanyaga kwa makusudi. Hivyo ndivyo tulivyoendelea. Mkanyago mmoja ulikuwa mngurumo, miwili ilikuwa mikwaruzo, na nikitulia maana yake redio imepona. Hatukuwahi kulizungumza jambo hili. Viatu vyake vya kushoto vilichakaa kuliko vya kulia, na fundi viatu wa sokoni alidhani anachechemea.

Pamoja na hayo alikuwa na kiganja. Alikilaza juu ya kasha akafumba macho, na mengi aliyapata hapo, ilimradi kasha liwe la mbao au bati. Kasha la plastiki kwake lilikuwa bubu. Nilipolielewa hilo ndipo nikajua kwa nini mapenzi yake kwa makasha ya zamani yaliongezeka kila mwaka, na nilienda stoo nikajifanya natafuta waya mpaka macho yangu yalipokauka.

Lakini mimi pia nilikuwa na siku za kuugua na siku za mazishi, na siku hizo Obura alifanya kazi bila mguu wangu. Redio zikaanza kurudi. Asubuhi moja Bwana Kanti aliniita mbele, akafunga mlango wa nyuma.

"Risper, mimi na Obura tumeanza hii duka pamoja," akasema. "Lakini watu wanarudisha kazi. Wanasema Obura hasikii."

"Watu wanasema mengi, Bwana Kanti."

"Kuna kijana ametoka politekniki, anataka benchi. Mimi nimesema angoja kidogo. Kuna mzee wa Muhoroni analeta radiogramu. Kazi kubwa, watu wengi wataiona. Ikitoka sawa, Obura anakaa. Ikirudi, Obura anaenda nyumbani kupumzika. Hiyo ndiyo mwisho yangu."

Nilirudi benchini nikamkuta Obura anaimba, nje kabisa ya tuni, akisugua ubao kwa mswaki. Kumwambia fundi kama yule akapumzike ni kumwambia aanze kuhesabu mbuzi wa jirani. Nilijua asingemaliza mwaka. Nilimwandikia kwenye kipande cha kadibodi maneno ya Bwana Kanti, akayasoma, akaitumia ile kadibodi kuwashia jiko la chai, akasema kwa sauti iliyofika barabarani, "Basi hiyo radiogramu tutaitengeneza vizuri."

Radiogramu ilifika juu ya trekta la miwa. Mwenyewe alikuwa Mzee Were, mstaafu wa kiwanda cha sukari, mwenye kofia ya manyoya hata kwenye joto letu. Kabati lenyewe lilikuwa refu kama jeneza, lina spika kila upande, na katikati, chini ya mfuniko, mahali pa kuchezea santuri. Panya walikuwa wamekula kila kitu isipokuwa mbao.

"Binti yangu ako ng'ambo," Mzee Were akatueleza. "Anaimba kwaya huko. Ametuma hii." Akatoa CD moja iliyofungwa ndani ya leso. "Wazazi wa kijana anayetaka kumwoa wanakuja kwangu kuongea mambo ya mahari. Hao watu wanajua hii radiogramu, ilikuwa inasikika mpaka kambi ya mwisho ya wakata miwa. Nataka wasikie binti akiimba kutoka hapa ndani. Sitaki ile kitu ya plastiki. Nimeinua moja hapo mbele nikadhani ni sanduku ya chakula ya mtoto wa shule."

Tulifanya kama tulivyozoea: draivu mahali pa santuri, amplifaya ya gari chini, waya kwenda kila spika. Kabati likawa jepesi mno, kwa hiyo Obura alifunga ndani yake transfoma kubwa iliyoungua, haikuunganishwa na chochote. Kazi yake ilikuwa kuwa nzito. Tukaweka CD, tukafungua sauti. Kwaya ilianza vizuri sana, akina mama wakapanda, kisha wanaume wa sauti nene wakaingia na sahani ikaruka. Wakaingia tena, ikaruka tena. Spika zilikuwa zinatikisa kabati, kabati linatikisa draivu, na jicho linalosoma sahani linapoteza njia. Nilimkanyaga Obura mpaka akaniomba nimhurumie.

Tukakata patapata za zamani, ndala za mpira, tukaziweka chini ya draivu. Ikaruka. Tukaweka sponji ya godoro. Ikaruka na kupata joto. Obura akapendekeza tumwombe Mzee Were atafute kwaya isiyo na wanaume.

Jumamosi nilienda Dunga kununua samaki. Mafundi walikuwa wanagongelea misumari kwenye mtumbwi uliolazwa ubavu, kelele mpaka unashika kichwa, na ndani ya mtumbwi huohuo mtoto mchanga amelala fofofo. Baba yake, mshona nyavu, alikuwa amemning'iniza kwenye kipande cha wavu kilichofungwa pembe nne.

"Haamki na kelele hii?" nikamuuliza.

"Kelele si shida, mama. Shida ni kutingishwa. Mbao inatingika, yeye hatingiki," akanijibu bila kuinua macho.

Nilisahau samaki. Nilimwomba kipande cha wavu mkuukuu, nikarudi nacho mjini nimekikumbatia. Jumatatu tuliifunga draivu ndani yake, tukaining'iniza katikati ya kabati kama bembea, tukafungua sauti mpaka vioo vya duka vikalia. Wanaume wa sauti nene waliingia, wakapita, wakatoka upande wa pili. Sahani haikuruka hata kidogo. Obura alinishika mkono akaupampu kama anayejaza baiskeli upepo.

Sasa angalieni kosa letu, maana ni kosa la watu wa Kisumu pekee. Wavu ule niliufua kwa sabuni ya kipande, na kabla ya kuufunga, mimi na Obura tuliunusa kwa zamu, mafundi wawili waliojengwa na pua. Tukakubaliana hauna harufu yoyote. Ukizaliwa kando ya ziwa hili, harufu ya omena si harufu, ni hewa. Lakini dukani kulikuwa na mmoja ambaye hakukubaliana nasi, naye ni paka wa Bwana Kanti aliyeitwa Meneja, kwa sababu alilala ofisini mchana kutwa na hakuna aliyethubutu kumwamsha.

Siku ya kuonyesha kazi ikawa Jumamosi asubuhi. Mzee Were alikuja na mkewe na shemeji zake waliovaa suti. Bwana Kanti aliagiza chai na mandazi. Radiogramu ilisimama katikati ya duka, imepakwa mafuta mpaka unaona meno yako ndani yake. Kwa kuwa pale mbele hapakuwa na benchi la kuficha miguu, nilikuwa nimepanga na Obura, kwa ishara tu, kwamba nikirekebisha kitambaa cha kichwa maana yake mambo ni mazuri. Yeye alisimama upande wa pili, kiganja juu ya kabati, amevaa tai. Mkono mwingine ulikuwa ukiikaza na kuilegeza ile tai. Sikuwahi kumwona akiogopa kabla ya siku hiyo.

Kwanza shemeji wawili walilinyanyua kabati. Wakakunja sura, mshipa ukasimama shingoni.

"Hii ni mtambo," mmoja akasema, akapumua.

Nikabonyeza kitufe. Kwaya ikajaa dukani. Mke wa Mzee Were aliisikia sauti ya binti yake ikitoka kwenye kabati alilokuwa akilipangusa tangu aolewe, akaketi juu ya gunia la betri na kulia. Mzee Were alivua kofia ya manyoya. Mimi nilirekebisha kitambaa kwa furaha hata kikafunguka. Wimbo wa kwanza ukaisha salama, na kabla ya wa pili kukawa na kile kinafasi cha kimya.

"Zima," Obura akasema.

Kila mtu akageuka. Nikashika kitambaa, nikakivuta, nikakaribia kukirarua.

"Zima, nyar Seme. Iko kitu hapa ndani."

"Obura," Bwana Kanti akasema polepole, na nilimwona usoni kwamba ameshaamua. "Sisi wote tunasikia ni safi kabisa. Wewe peke yako unasikia mbaya?"

Obura hakusikia hata neno moja kati ya hayo. Alikuwa anakitazama kiganja chake. "Muziki umesimama lakini kabati haijasimama," akasema kwa sauti ya kutangazia mnada. "Kuna kitu kinanguruma. Si umeme, umeme nauelewa. Hii ni kitu iko na uhai."

Shemeji mmoja akarudi nyuma hatua. Mzee Were akavaa kofia tena. Wimbo wa pili ukaanza, ukaenda kidogo, kisha kwaya ikakwama mahali pamoja, ikirudia kipande kilekile bila kuchoka. Shemeji wa pili alitikisa kichwa kama mtu anayeelewa, akamnong'oneza mwenzake, "Hiyo ndiyo wanaitanga dijitali."

Obura alikuwa ameshachukua bisibisi yake. Alifungua ubao wa mgongo, na ndani, kwenye bembea ya wavu, juu ya draivu yenye joto la kupendeza, alikuwa amelala Meneja. Alikuwa ameingilia tundu la nyuma wakati wa chai, akalamba wavu mpaka akachoka, akaanza kukoroma kwa raha. Muziki ulipomsumbua alijigeuza, na ndipo kwaya ikakwama. Alitutazama sote, akapiga mwayo, akashuka na fundo la wavu kwenye sikio, akarudi ofisini kwake.

Mke wa Mzee Were ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka huku machozi ya mwanzo bado yako mashavuni, na duka zima likamfuata, pamoja na Obura, ambaye alicheka kwa kuwa aliona wengine wanacheka. Nikakaza wavu, tukaziba tundu kwa kipande cha bati, nikabonyeza kitufe tena. CD ikacheza tangu mwanzo hadi mwisho bila kujikwaa.

"Yawa," Mzee Were akasema, akimshika Obura bega. "Masikio yangu ni mazima kabisa na sikusikia kitu. Huyu amesikia paka akilala katikati ya kwaya. Mtu kama huyu mlimtoa wapi?"

"Ni wetu," Bwana Kanti akajibu. Alikuwa mwekundu kuanzia shingoni. "Yeye hatoki hapa. Nani alisema Obura hasikii? Huyo mtu aletwe hapa, mimi nitamwonyesha mlango."

Sikumkumbusha ni nani aliyesema. Kijana wa politekniki aliambiwa atafute benchi kwingine, akafungua duka lake la kukodisha kanda za video na akafanikiwa kuliko sisi sote. Habari za masikio ya Obura zilienea mpaka Dunga na Mamboleo. Watu walianza kumletea redio zisizo na ugonjwa wowote, wakimwomba asikilize tu kama kuna kitu kinakuja. Alikilaza kiganja, akafumba macho, nami nikasogeza mguu wangu karibu na wake.

Lakini nataka kumalizia mchana uleule wa Jumamosi. Wageni wa Muhoroni walikuwa bado kwenye duka la nguo ng'ambo ya barabara, trekta lao linasubiri, na radiogramu ilikuwa imebaki na sisi wawili. Obura alikuwa amevua tai. Alikaa kwenye kiti changu badala ya chake.

"Risper," akasema. Nikadhani amekasirika. "Hizi mashini za CD nimetengeneza nyingi. Watu wanasema ni safi, ni safi. Hebu niambie, inasikika namna gani?"

Katika miaka yote ile hakuwahi kuniuliza swali kama hilo, na wote wawili tulijua alikuwa amesema nini kwa kuuliza. Nilimpenda mzee yule kama nilivyompenda baba yangu, na sikutaka kumdanganya, kwa hiyo nilitafuta kitu cha kweli. Nikamgeukia ili aone midomo yangu vizuri.

"Kwaya ni kwaya, Mzee," nikamwambia. "Umewasikia wengi. Tofauti iko katikati ya nyimbo. Santuri ilikuwa inakwaruza pale, kanda ilikuwa inavuma. Hii hapana. Wimbo ukiisha hakuna kitu. Ni kimya, kimya kabisa mpaka mwingine uanze."

Alinitazama mdomo mpaka nilipomaliza. Kisha akakilaza kiganja juu ya kabati, akanionyesha kwa kidevu nibonyeze kitufe. Wimbo ukacheza, ukaisha. Katika kile kinafasi alifumba macho, na uso wake ukalegea.

"Ah," akasema, kwa mara ya kwanza kwa sauti ndogo. "Kumbe hiyo naisikia."